Ludi na Paka Watatu wa Mama Owuor

Mwaka ule Mama Owuor alikuwa na neno moja tu, nalo ni "sawa." Ukimwambia maji ya bomba yamekatika, sawa. Ukimwambia kuku wa jirani wameparua mchicha wake wote, sawa. Nina hakika ningemwambia paa la nyumba yake linaungua angenijibu, "Sawa, mwalimu," kisha angeendelea kuchambua mchele. Mimi Justa ni mtu wa hasira za karibu, na hakuna kinachonichosha kama jirani asiyekubali kugombana.

Hakuwa hivyo zamani. Jina lake la ubatizo ni Truphosa Adoyo, mzaliwa wa Shirati, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa opareta wa simu katika kiwanda cha mafuta ya pamba, si mbali na kwetu Pasiansi. Siku hizo kupiga simu Dar es Salaam ilikuwa safari. Ulimwomba opareta, opareta akaomba laini, nawe ukangoja mpaka usahau ulichotaka kusema. Mama Owuor alikuwa na sauti ya kumtuliza hata meneja mwenye haraka, na wakorofi aliwakatia simu katikati ya sentensi kisha akasingizia mvua. Paka wake watatu aliwapa majina ya kazini: Trunki, kama simu ya mbali, jike kizee mwenye jicho moja, Laini, mwembamba wa kijivu, na Hewani, mtoto wa Trunki, aliyeitwa hivyo kwa sababu alilia usiku na mchana kama mtu anayeuliza kama kuna anayemsikia.

Mumewe, mzee Ooko, alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku katika kiwanda hicho hicho. Yeye akirudi, mkewe anatoka. Walikutana mlangoni wakipeana funguo, na nadhani ndiyo maana walipendana muda mrefu. Ugomvi wao ninaoukumbuka ni mmoja, na niliusikia bila kukusudia kwa kuwa ukuta wetu ni mmoja. Ooko alitaka kuleta mbwa nyumbani. "Hapa pana paka," mkewe akamjibu. "Mbwa akiingia mlango huu, mimi natoka kwa ule." Nyumba ina mlango mmoja, lakini Ooko hakubisha, wala sikumsikia tena akilitaja jambo hilo.

Aprili ya mwaka tisini na tano, Ooko alianguka pale getini zamu ikikaribia kuisha. Presha, walisema. Tulimsafirisha Shirati, na mimi nilikwenda. Kwa Wajaluo msiba una sauti; wanawake hupiga yowe tangu njia panda, na asiyelia huonekana. Mama Owuor alikaa kwenye mkeka siku nne, akala alipopewa, akanyamaza. Mawifi walisema mengi nyuma ya nyumba, na baadhi waliyasema mbele. Aliyasikia yote. Hakutoa chozi hata moja, na aliporudi Mwanza alifungua mlango, akawapa paka dagaa, akaingia kulala.

Mwaka uliofuata kiwanda kikauzwa. Wafanyakazi walipewa barua, walinzi wakaambiwa nafasi zao watachukua wa kampuni ya ulinzi, na yeye akarudi nyumbani na kikombe chake cha chai kwenye mfuko wa plastiki. Nilimwendea nikiwa nimejiandaa kumfariji. "Sawa tu, mwalimu," akaniambia. Siku nyingine, tukianika dagaa, alinieleza zaidi kidogo. Alisema ndani mwake pamekufa ganzi, kama mguu ulioukalia. "Sio kwamba nina huzuni. Ningekuwa na huzuni ningejua."

Basi Agosti ya mwaka tisini na saba wezi wakaingia uani kwetu mchana kweupe. Nilikuwa shuleni, yeye alikuwa sokoni. Wakachukua redio yangu, sufuria zake mbili kubwa na hata shuka lililokuwa kwenye kamba bado bichi. Nikawaka. Nikamwambia tunahitaji mbwa, tena wa kwake, maana mwenye nyumba wangu hataki mifugo, na isitoshe mimi mbwa nawaogopa. Nilitegemea anikatalie. Nilitaka anikatalie. Akasema, "Sawa."

Kununua mbwa hatukufikiria. Mwaka ule mbwa wasio na wenyewe walikuwa wanakusanywa kwa kuhofia kichaa cha mbwa, wanafungiwa kwenye banda la bati katika uwanja mmoja wa mifugo. Anayetaka anajichukulia bure, akishachanjiwa. Wasiotakiwa wanapigwa risasi Ijumaa. Tulikwenda Jumamosi, kwa hiyo tulikuta sita tu.

Mtunza banda aliitwa Ndalahwa, Msukuma mwenzangu wa Magu, mtu mpole mwenye buti zilizopasuka. Mbwa watano walirukia wavu wakibweka, nami nikarudi nyuma hatua nne. Wa sita, mkubwa wa rangi ya udongo, alikuwa amelala ameelekea ukutani. Hakugeuka. Mama Owuor akamtazama kwa muda.

"Huyo," akasema.

Nilitaka kumwambia kwamba mbwa asiyenyanyuka kwa wageni hatanyanyuka kwa wezi. Lakini hilo lilikuwa jambo la kwanza nililomsikia akilichagua kwa miaka miwili, nikameza maneno yangu.

"Huyo tulimtoa getini pa kiwanda," Ndalahwa akatuambia. "Wamemwacha. Anaitwa Ludi. Wale walinzi wa mwisho, wa kampuni, ndio waliniambia, huyu ukimwambia Ludi anasikia." Akainama kwenye wavu. "Ludi!" Mbwa akainuka mara moja, akaenda kona ya mbali zaidi ya banda, akalala tena. "Umeona? Anajua jina lake."

"Una paka, mama?" akauliza alipokuwa akifunga kamba. Mama Owuor akamwambia watatu. Ndalahwa akakuna shingo. "Nakupa wiki. Akishindana na paka, nilejeshee Ijumaa asubuhi, saa nne tunafanya kazi yetu. Kumwachia mtaani siluhusiwi. Akishindikana ni hapa tu."

Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi tangu mwanzo. Ama mbwa akae na paka kwa amani ifikapo Ijumaa, ama afe. Sote wawili tulilijua, na sidhani kama mbwa hakulijua.

Kiwandani mbwa walikuwa wa usiku na Mama Owuor alikuwa wa mchana, ofisi za mbele, kwa hiyo hakuwahi kumwona. Mimi ndiyo kabisa. Tulimvuta barabarani kama wageni watatu. Alitembea vizuri, kichwa chini, mpaka kwenye kalavati, lile daraja dogo la saruji ambapo barabara ya kiwanda inavuka mtaro kuingia mtaani kwetu. Hapo akasimama. Tukavuta. Akakaza miguu.

"Ludi, njoo," Mama Owuor akamwita kwa ile sauti yake ya simu. "Ludi, Ludi."

Mbwa akageuka na kuanza kurudi tulikotoka, anamvuta mwanamke mzima nyuma yake. Ilibidi tumbebe. Yaani yeye alimbeba kifuani kama mtoto mwenye homa, na mimi nikabeba ncha ya kamba. Nilitazama kibanda cha fundi baiskeli kilicho pale pembeni ili nimwombe msaada, lakini kilikuwa kimefungwa. Shimba, mwenye kibanda, ni Msabato, na Jumamosi hata umlilie hazibi pancha.

Wiki ile sitaisahau kwa jinsi ilivyokuwa haina furaha. Paka walimwona mbwa wakapanda juu ya kabati, wote watatu, wakakaa huko kama mahakimu. Trunki aligoma kula siku mbili. Laini alihamia kwangu bila kuaga. Mama Owuor aliweka bakuli la paka ndani na la mbwa nje, akachemsha mapanki, yale mabaki ya sangara kutoka viwanda vya minofu, akawagawia kwa haki, na uso wake hauoneshi kitu.

Shida ilikuwa kwamba mbwa alikataa kukaa nasi. Kila alipoitwa aliondoka. Chakula kiko tayari, "Ludi!", anaacha kivuli cha mlango anakwenda nje ya uzio wa minyaa. Mvua inanyunya, "Ludi, ingia," anatoka barazani anakwenda kunyeshewa. Alilala huko nje ya uzio, uso kwenye njia, na alipoona Mama Owuor amenyamaza alisogea tena polepole, hatua kwa hatua, mpaka mlangoni. Kisha mmoja wetu anafurahi, anamwita kwa jina, na yeye anaondoka.

"Anatuchukia," nikasema siku ya Jumanne.

"Sio kosa lake," Mama Owuor akajibu. "Hata mimi ningekuwa yeye." Akamsogezea bakuli kwa mguu, bila kusema lolote.

Jina lilifaa kwa jambo moja tu. Jumatano mbwa alimkimbilia Trunki uani, meno nje, na Mama Owuor akapiga kelele, "Ludi!" Alisimama hapo hapo, akageuka, akaenda zake nje ya uzio. Nikasema, basi, tumshukuru Mungu, walau kwenye ubaya anasikia.

Nami nikiwa mwalimu wa Kiswahili! Darasa la nne, kila Jumatatu imla, na kila Jumatatu wino wangu mwekundu unaisha kwenye herufi L badala ya R, R badala ya L. Wanangu wa Kisukuma wananiandikia "nimekura chakura" na "mama amelejea," na mimi, Msukuma tangu mababu, nawatandika alama za kosa kama niliyezaliwa Unguja. Wiki nzima nikalisikia lile neno asubuhi na jioni, likitamkwa kwa ulimi wa kwetu, na halikunigonga. Mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

Alhamisi mchana Hewani, ambaye akili yake ilikuwa bado ndogo, aliingiza kichwa kwenye bakuli la mbwa, naye mbwa akiwa anakula. Nilisikia mlio mmoja. Nilipofika, Mama Owuor alikuwa amemkumbatia paka, sikio limechanika, damu kwenye khanga. Mbwa alikuwa tayari nje ya uzio, na hakuna aliyekuwa amemwita.

Tuliosha sikio kwa maji ya chumvi. Halikuwa jeraha la kuua. Nilimtazama nikingoja akasirike, alie, amlaani mbwa, anilaani mimi niliyeleta wazo.

"Sawa," akasema. "Kesho namrudisha."

"Mama Owuor, watampiga risasi."

"Najua, mwalimu."

"Na wewe unaona sawa?"

Alifikiri kwa haki kabisa, kama mtu aliyeulizwa saa. "Sioni kitu," akasema. "Natafuta nione, sioni."

Nilikasirika. Nilimwambia hata kaburini kuna uhai zaidi kuliko nyumbani kwake. Hayo niliyasema, siyafichi. Yeye akaendelea kukamua kitambaa.

Ijumaa niliomba ruhusa shuleni, nikamsindikiza. Sikutaka aende peke yake, ingawa kwa hasira yangu nilitembea nyuma yao. Mbwa alitangulia kwa hiari yake, mkia umelegea, anajua njia. Tulipofika kalavatini akavuka bila kuvutwa, kwa kuwa safari hii tulikuwa tunaelekea upande wa kiwanda. Shimba alikuwa kibandani, gurudumu magotini. Alikuwa mlinzi pale kiwandani kabla ya zile barua. Akainua macho, akaacha gurudumu lianguke.

"Shikamoo, Mama Owuor. Kumbe Bado umemchukua wewe!"

"Marahaba. Bado nini?"

"Bado. Huyo mbwa." Na mbwa, aliyekuwa amekaa wiki nzima kwetu masikio yamelala, aliyasimamisha yote mawili. Akamwendea Shimba, akamnusa mikono yenye grisi, akapiga mkia chini mara tatu.

"Huyu anaitwa Ludi," nikasema.

Shimba akacheka. "Ludi siyo jina, mwalimu. Hilo ni neno alilokuwa akiambiwa. Ludi!" Akanyoosha mkono kuelekea kiwandani. Mbwa akageuka, akaanza kwenda. "Njoo hapa, Bado." Akarudi mbio.

Rudi. Nililisikia sasa, lote, na R yake. Wiki nzima tulikuwa tunamwita ndani huku tunamwambia aondoke.

Mama Owuor alikuwa hajaachia kamba. "Nani alimwambia hivyo?" akauliza.

Shimba alinitazama mimi kwanza. Akafuta mikono kwenye suruali, polepole. "Mzee, mama. Mzee Ooko. Huyu alikuwa mbwa wake wa zamu, tangu mdogo. Asubuhi mzee akitoka, anamfuata. Anamfuata mpaka hapa kalavatini, anataka waende wote nyumbani. Hapa mzee anamwambia ludi. Anakaa kidogo, mzee anamwambia tena, ludi. Ndipo anageuka kulejea getini. Kila siku ya Mungu, miaka minne."

"Na hilo la Bado?"

"Ah, hilo ni letu sisi walinzi, utani. Tulikuwa tunamuuliza mzee, mbwa mwenyewe anakupenda hivi, mbona humpeleki nyumbani, umeshamwambia mama? Anasema bado. Kesho tunamuuliza tena. Bado. Anasema, mama ana paka wake, anawapenda, mpaka nipate maneno mazuri. Nitamwambia, lakini bado. Basi tukamwita hivyo, na mzee naye akamwita hivyo." Akaliokota gurudumu lake. "Mzee alipofariki, huyu aliendelea kuja hapa alfajiri peke yake, kabla watu hawajaanza kupita. Anakaa tu. Haondoki mpaka mtu amwambie. Kwa hiyo nilikuwa namwambia mimi, nikitoka zamu."

"Sawa," Mama Owuor akasema.

Alitazama kalavati, urefu wake hatua sita, saruji imemeguka upande mmoja. Akatazama upande wa kwetu, ambako bati la nyumba yake linaonekana ukisimama vizuri. "Sawa," akasema tena. Alifungua mdomo mara ya tatu kulisema, na neno halikuja. Kilichokuja ni yowe.

Nimesikia vilio vingi. Lile lilianza chini, tumboni, likapanda mpaka wanawake waliokuwa wakifua mtaroni wakasimama na nguo mikononi. Alishika kichwa, akamwita Ooko kwa Kijaluo, akamuuliza maswali nisiyoyajua, akapiga hatua kwenda na hatua kurudi kama wanavyofanya kwao penye msiba. Shimba alivua kofia. Mimi nilimshika kiuno asije akaanguka mtaroni, na nilikuwa nalia pia, sijui lini nilianza, na sijui kama nilimlilia Ooko au yale niliyoyasema jana yake.

Mtu mmoja mwenye baiskeli, amebeba kreti za soda, akashusha mguu. "Poleni," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nani amefariki?"

"Mume wake."

"Jamani. Lini?"

"Mwaka juzi," nikasema. "Mwezi wa nne."

Akaniangalia, akamwangalia Mama Owuor, akaona si kazi yake, akaondoka na chupa zake zikigongana.

Saa nne ikafika, ikapita. Ndalahwa atakuwa alitungoja, au hakutungoja. Mama Owuor alijifuta uso kwa khanga, ile ile yenye damu ya Hewani, akapenga kamasi bila aibu. Alipozungumza sauti ilikuwa imekwaruza, lakini niliitambua. Ndiyo ile iliyokuwa ikikata simu za wakorofi.

"Na wewe, mwalimu," akaniambia, "wiki nzima! Si wewe unayefundisha Kiswahili?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, nikamwambia mimi, "Sawa."

Akainama, akafungua kamba shingoni mwa mbwa. Bado alikwenda mpaka mwanzo wa kalavati, akakaa pale ambapo saruji imemeguka, ameelekea upande wa nyumbani, mgongo kwetu. Alikuwa anangoja kuambiwa. Mama Owuor alisimama nyuma yake, na niliona mdomo wake unatafuta.

"Tangulia, Bado," akasema. "Nyumbani kuna paka. Uwaombe radhi."